Sinia Moja, Miili Mbalimbali

Siku chache kabla ya kuingia Ramadhani ya mwaka jana, alitujia chuoni mama mmoja ambaye mwanawe hakuonekana kwetu kwa muda wa siku 12. Hakuja kwa ugomvi. Alitoa salamu, akaketi mkekani, akatuuliza kwa upole: "Maalim, mwanangu aniambia umemwambia apunguze sahani. Nami nimekuja kukuuliza, ni sahani ipi? Wanangu wanne hula sinia moja, nami nimeketi nawatazama. Watatu ni wembamba kama fito. Huyu peke yake ndiye aliye hivi. Nimpunguzie nini?"

Hatukuwa na jawabu. Ni kweli tulikuwa tumemwambia kijana yule maneno hayo mbele ya wenziwe. Wenziwe wakacheka, nasi tukadhani kwamba tumetoa nasaha. Umri wake ulikuwa miaka 11. Mama alipokwisha ondoka tulibaki na swali lake, na kwa kuwa elimu yetu ya mambo ya mwili ni ndogo, tukamwendea mwanafunzi wetu wa zamani ambaye leo ni tabibu. Alitufasiria mambo mengi kwa siku nyingi, na hayo ndiyo tunayowaletea wasomaji wetu, kwani twaamini hakuna nyumba isiyokuwa na mtu mmoja anayesemwa kwa unene wake.

Watu wengi huuona unene kuwa ni hesabu nyepesi. Aingizaye chakula kingi hunenepa, na aingizaye kidogo hukonda. Basi aliye mnene ni mlafi, na asiyekonda ni kwa kuwa hataki. Hesabu hii ina ukweli ndani yake, maana mwili haujengi mafuta kwa hewa. Lakini haitoshi. Huko Quebec, nchini Canada, wataalamu walichukua jozi 12 za vijana wanaume walio mapacha wa kufanana, wakawalisha kalori 1000 za ziada juu ya mahitaji yao, siku 84 katika muda wa siku 100. Kalori ndicho kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula, na 1000 si haba, ni karibu nusu ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Matokeo yalitangazwa mwaka 1990. Kwa wastani kila kijana aliongezeka kilo 8.1, lakini yupo aliyeongezeka kilo 4.3 tu, na yupo aliyeongezeka kilo 13.3. Ziada ilikuwa ile ile, wala hakuna aliyeiba chakula cha mwenziwe. Na la kustaajabisha zaidi ni kwamba kila pacha alimfuata nduguye: ambaye nduguye aliongezeka sana, naye aliongezeka sana, ambaye nduguye aliongezeka kidogo, naye kidogo. Basi sehemu ya jambo hili imo katika maumbile ambayo mtu huzaliwa nayo.

Je, maumbile hayo yaweza kuonekana katika damu? Hapa ndipo ilipo hadithi ambayo tabibu wetu alitusimulia kwa kirefu, nasi hatukupenda kuifupisha.

Mwaka 1949, katika maabara iliyoko Bar Harbor, jimbo la Maine huko Marekani, walionekana panya wa ajabu. Walikula bila kukoma wakawa wanene kupita kiasi. Baadaye mtaalamu mmoja wa maabara hiyo, Douglas Coleman, aliwaunganisha panya wa namna hiyo na panya wa kawaida hata damu ya mmoja ikawa yapita kwa mwenziwe. Yule panya mnene akapunguza kula, akakonda. Coleman akajua ya kuwa katika damu ya panya wa kawaida mna mjumbe fulani ambaye yule mnene hana. Ni nani mjumbe huyo? Dunia ilingoja mpaka mwaka 1994, ndipo Jeffrey Friedman na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipoligundua jeni linalomtengeneza. Mjumbe wenyewe ukaitwa leptini, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya wembamba. Leptini hutengenezwa na mafuta ya mwili yenyewe, ikapita katika damu mpaka kwenye ubongo, ikapeleka habari kwamba akiba ipo. Ikipungua, ubongo hufahamu kwamba akiba yaisha, na njaa huja.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1997, wataalamu wa Cambridge, Uingereza, akiwamo Stephen O'Rahilly na Sadaf Farooqi, walitangaza habari ya watoto wawili wa ukoo mmoja wenye asili ya Pakistani. Mmoja ni msichana wa miaka 8 aliyekuwa na uzito wa kilo 86. Wa pili ni binamu yake mvulana, wa miaka 2, kilo 29. Walizaliwa na uzito wa kawaida kama watoto wengine, lakini tangu uchanga walikuwa na njaa isiyokatika. Zaidi ya nusu ya uzito wa msichana yule ilikuwa ni mafuta, hata kutembea kulimpa taabu. Damu yao ilipopimwa, leptini ilikuwa karibu hakuna kabisa. Watoto wenye mafuta tele, na ubongo wao wapata habari kwamba wanakufa kwa njaa!

Hebu tuwafikirie wazee wa watoto hao. Mtoto wa miaka 2 alia usiku na mchana akitaka chakula. Ukimpa, watu wasema unamharibu. Ukimnyima, alia kama asiyekula tangu jana. Ni jirani gani angaliamini kwamba kosa si la mama? Sisi tusingaliamini. Tulimwona kijana wa miaka 11 tukamhukumu bila ya kuuliza.

Mwaka 1999 ikatangazwa habari ya matibabu. Msichana yule alikuwa amefika miaka 9 na uzito wake kilo 94.4. Akawa akichomwa sindano ya leptini kila siku. Haikupita wiki mbili uzito ukaanza kushuka, na baada ya miezi 12 alikuwa amepungua kilo 16.4, na karibu zote zilikuwa ni mafuta. Chakula alichokuwa akila kilipungua pasipo kulazimishwa na mtu, kwani ile njaa yenyewe iliondoka. Mtoto mwingine aliyetibiwa vivyo hivyo alikuwa na kilo 42 akiwa na umri wa miaka 3. Alipofika miaka 7 alikuwa na kilo 32. Walioziona picha zake mbili hawaamini kwamba ni mtoto mmoja.

Neno moja hapa kwa wazazi. Ugonjwa huu hutokea pale mtoto anapopata jeni lenye kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia, na wazazi wa watoto wale walikuwa ni watu wa damu moja. Sheria yetu imeruhusu mabinamu kuoana, wala hatuna mamlaka ya kukataza kilichohalalishwa. Lakini nyumba ambayo imekwisha pata mtoto mwenye maradhi ya urithi, haina aibu kumwendea tabibu na kuuliza kabla ya kufunga ndoa nyingine katika ukoo ule ule.

Msomaji atasema: basi dawa imepatikana, na kila mnene achomwe leptini. Wataalamu nao walitumaini hivyo. Wakaijaribu kwa watu wanene wa kawaida, na mwaka 1999 huo huo matokeo yakatoka: wako waliopungua, wako wasiopungua, na kwa jumla faida ilikuwa hafifu. Sababu ni kwamba walio wengi miongoni mwa wanene hawakukosa leptini. Wanayo tele katika damu, kuliko hata wembamba, ila ubongo hauitikii. Dawa iliyomwokoa msichana wa Cambridge haikumfaa mtu mwingine mwenye uzito kama wake. Kwa macho wote wawili ni wanene. Aliyewatenga ni damu.

Tangu hapo wataalamu wakapata tamaa kubwa ya kutafuta katika damu alama nyingine, itakayomwambia tabibu tangu mapema: huyu apunguziwe wanga, yule apunguziwe mafuta. Ni tamaa nzuri, na baadhi ya wafanyabiashara wameikimbilia kabla haijaiva. Mathalan, mwaka 1996 kilitoka Marekani kitabu kilichodai kwamba kila mtu ale kwa kufuata kundi la damu yake. Wa kundi A ale mboga, wa kundi O ale nyama. Kitabu kiliuzwa sana, na mpaka leo tunawasikia watu wakinong'onezana habari hizo harusini na misibani. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Toronto waliyachunguza madai hayo kwa watu 1455. Waliona kwamba aliyekula vizuri alipata nafuu, awe wa kundi lipi, na kundi la damu halikuwa na athari katika nafuu hiyo.

Uchunguzi mwingine ulifanywa na Christopher Gardner na wenziwe wa Stanford, California, ukatangazwa mwaka 2018. Walikuwa watu wazima 609. Nusu walifundishwa kupunguza mafuta, na nusu kupunguza wanga, kwa muda wa miezi 12. Kabla ya kuanza walipimwa damu: walinyweshwa maji ya sukari, na baada ya dakika 30 ikaangaliwa insulini ngapi imetoka. Insulini ni homoni ya kongosho inayoingiza sukari katika chembe za mwili. Tena yakaangaliwa majeni matatu ambayo yalidhaniwa kumpambanua mtu wa wanga na mtu wa mafuta. Mwaka ulipokwisha, waliopunguza mafuta walikuwa wamepungua kilo 5.3 kwa wastani, na waliopunguza wanga kilo 6.0, tofauti isiyohesabika kuwa kitu. Lakini ndani ya kila kundi kulikuwa na maajabu: yuko aliyepungua kilo 30, na yuko aliyeongezeka kilo 10! Mafunzo ni yale yale na walimu ni wale wale. Na ile insulini iliyopimwa, na yale majeni matatu, havikuweza kutabiri nani atakuwa katika hawa na nani katika wale.

Tulimwuliza tabibu wetu, hii si hasara? Akasema la, hii ni elimu, maana sasa yajulikana kwamba mlango ule haukuwa wenyewe. Sisi walimu wa chuo twafahamu maneno hayo. Twawafundisha watoto 30 kwa bakora moja na ubao mmoja. Mmoja ahifadhi juzuu kwa miezi miwili, mwingine kwa mwaka mzima, na hatujui tangu siku ya kwanza ni nani atakuwa nani.

Hata dawa mpya za sindano, ambazo habari zake zimeenea kila mahali, ziko hivyo hivyo. Mojawapo yaitwa semaglutaidi, nayo huiga homoni ya utumbo inayoleta shibe. Mwaka 2021 yalitangazwa majaribio yake kwa watu 1961 waliokuwa wanene au wazito kupita kiasi, na wasio na kisukari. Baada ya wiki 68, waliopewa dawa walipungua asilimia 14.9 ya uzito wao kwa wastani, na waliochomwa sindano isiyo na dawa asilimia 2.4. Ni faida kubwa isiyopata kuonekana kwa dawa za zamani. Walakini katika kila watu 100 waliotumia dawa hiyo, karibu theluthi walipungua asilimia 20 au zaidi, na kama watu 14 hawakufikia hata asilimia 5. Bado hakuna kipimo cha damu ambacho hospitali hukitumia kila siku kumjua mtu wa namna hii kabla ya sindano ya kwanza. Hujulikana kwa kujaribu na kungoja. Basi dada wawili wakitumia dawa moja, mmoja akapungua na wa pili asipungue, asiambiwe wa pili kwamba alikuwa akila kwa siri.

Liko jambo jingine ambalo damu imelidhihirisha, nalo lawahusu wale waliokwisha pungua kisha uzito ukawarudia. Hao huchekwa kuliko wote. Huko Melbourne, Australia, watu 50 wazito walipewa chakula kidogo sana kwa wiki 10 wakapungua, na damu yao ikapimwa kabla, mara baada, na tena ulipotimia mwaka. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Leptini ilikuwa imeshuka, homoni zinazoleta njaa zimepanda, na mwaka ulipotimia zilikuwa hazijarudi mahali pake. Na wenyewe walieleza kwamba njaa yao imezidi kuliko kabla ya kuanza. Mwili wataka kurudishiwa ulichopoteza, na mtu huyo hupigana nao kila siku watu wasipomwona.

Tusije tukafahamika vibaya. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba matonge machache yamtosha mtu, na akiwa hana budi basi tumbo ligawanywe theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi, amepokea Imam Tirmidhi kutoka kwa Miqdam bin Maadikarib. Mafundisho hayo yamesimama, na wembamba wetu ni wengi wanaoyavunja kila siku bila ya kusemwa na mtu, kwa sababu miili yao haiwatoboi siri. Na Qurani imekataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli, katika Sura Al-Hujurat. Vijana wetu chuoni huisoma sura hiyo kwa tajwidi nzuri, kisha hutoka nje wakamwita mwenzao Pipa.

Basi damu ipimwe kwa ajili gani, ikiwa haijui kutabiri? Ipimwe kwa sababu yatuambia mambo mengine ambayo mizani haiyajui. Mizani hutaja kilo tu. Damu hutaja kama tezi ya shingo inafanya kazi yake, maana ikilegea mtu huongezeka uzito na kuchoka, na dawa yake ni kidonge kinachojulikana. Damu hutaja mafuta yanayoziba mishipa. Na zaidi ya yote hutaja sukari. Sukari ya mtu aliyelala bila kula, ikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, huyo ana kisukari. Kuna na kipimo kingine kinachoangalia sukari iliyonata katika chembe nyekundu, na kwa kuwa chembe hizo huishi kama siku 120, huonyesha hali ya miezi miwili mitatu iliyopita. Kikifika asilimia 6.5 ndiyo kisukari. Kipimo hiki hakidanganyiki kwa mtu aliyejinyima juzi na jana ili amfurahishe tabibu.

Katika Uingereza na Scotland walichukuliwa watu 306 waliokuwa na kisukari cha ukubwani kwa muda usiozidi miaka 6. Nusu yao waliachishwa dawa za kisukari, wakapewa chakula cha majimaji cha kalori 850 hivi kwa siku, muda wa miezi 3 mpaka 5, chini ya uangalizi. Matokeo yalitolewa Disemba 2017. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 ya hao sukari yao ilikuwa imerudi chini ya kiwango cha ugonjwa bila ya dawa, na kwa wale wengine ni asilimia 4. Miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi, 31 katika 36 walifaulu. Nao watano walipungua vivyo hivyo na sukari haikushuka. Profesa Roy Taylor wa Newcastle, mmoja wa waliosimamia kazi hiyo, aeleza kwamba kila mtu ana kiwango chake cha mafuta ambacho ini na kongosho lake haviwezi kustahimili zaidi. Wa mmoja ni wa juu, wa mwingine ni wa chini, na ndiyo sababu wako wembamba wenye kisukari na wanene wasio nacho. Asijione salama basi mwembamba.

Twaongeza hili kwa ajili ya Ramadhani. Wako wagonjwa wa sukari wanaokataa kuchomwa kidole mchana kwa kuogopa kufungua. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wamefutu kwamba tone la damu la kupima halifunguzi saumu. Na Mola wetu katika Sura Al-Baqara amemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Mwenye kutumia insulini asianze kufunga mpaka amemwona tabibu wake wiki kadhaa kabla, wala asiifanye Ramadhani kuwa ni mwezi wa kujikondesha kwa kuacha daku. Tumewaona waliofanya hivyo wakaanguka kabla ya alasiri.

Na yule kijana? Tulikwenda kwao jioni, tukamwomba radhi mbele ya mama yake na nduguze, na siku ya pili tukarudia mbele ya wenziwe chuoni, kwani mbele yao ndipo tulipomvunjia heshima. Mama alimpeleka akapimwa. Sukari ni salama, tezi ni salama, mafuta ya damu yako mahali pake. Tabibu alisema haoni sababu, akamwagiza acheze mpira kila siku na aache soda, na nduguze wembamba nao waziache, na arudi baada ya miezi sita. Amerudi mara moja. Uzito haukupungua wala haukuongezeka, na urefu umeongezeka vidole viwili. Sasa yumo katika Sura Maryam.